Ploti Moja, Jamaa Mbili

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja wazee wakiwa hai, kisha tunalilia wakiisha kuzikwa. Jambo lenyewe ni mali ya ushirika: ile ploti, lile duka au lile shamba ambalo watu wawili au watatu walinunua pamoja, wakiaminiana, wala hawakuandika mengi.

Hebu tuchukue mfano. Sisemi habari za mtu fulani, lakini ye yote aliyekaa Molo, Njoro, Rongai, Subukia au Gilgil ataitambua habari hii mara moja.

Wazee wawili walikuwa marafiki. Mmoja alitoka Nyeri akiwa kijana, akaja Bonde la Ufa kutafuta kazi. Mwenzake alizaliwa huku huku, baba yake akiwa mfanyakazi katika shamba la mzungu. Walijuana kazini. Wakaweka akiba shilingi kwa shilingi, mpaka wakanunua ploti moja sokoni. Wakajenga nyumba ndefu ya mawe na mabati, yenye milango minne: duka, bucha, hoteli ya chai, na chumba cha kusagia mahindi. Siku ya kuandikisha ploti, mmoja alikuwa safarini. Yule mwingine akaandikwa peke yake. Hakukuwa na hila. Jioni walikunywa chai pamoja, wakacheka, wakaandika katika daftari la shule kwamba kila mtu ana nusu. Daftari likawekwa kabatini.

Miaka thelathini walikula pamoja. Watoto wa huyu walimwita yule baba. Kisha yule ambaye jina lake liko kwenye hati akafa. Baada ya matanga, wanawe wakafungua sanduku, wakaona hati yenye jina moja tu. Wakamwambia yule mzee aliyebaki, “Mzee, tunakuheshimu, lakini jina lako haliko hapa. Tutaomba kodi ya mlango wako.” Mzee akalitafuta lile daftari. Panya walikuwa wamelila.

Ndugu zangu, je, hao watoto ni wezi? Pengine sivyo. Walijua walichokiona. Hakuna aliyewapa historia ya ile nyumba. Na wahenga walisema, “Mali bila daftari hupotea bila habari.” Leo nitawaeleza kwa nini historia ya jamaa ni sehemu ya mali yenyewe, na jinsi ya kuitunza.

Kwanza, tujue ushirika huu ulitoka wapi. Reli kutoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900. Mwaka 1904 Nakuru ukatangazwa kuwa mji mdogo. Pande zote za mji huo, ardhi iligawiwa walowezi. Lord Delamere peke yake alipewa ekari 100,000 huko Njoro mwaka 1903, kwa mkataba wa miaka 99. Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki shamba katika sehemu hizo zilizoitwa nyanda za juu za wazungu. Aliishi kama skwota. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka afanye kazi siku 180 kila mwaka kwa mwenye shamba, ndipo apate mahali pa kulima na kuchunga mifugo yake michache.

Kwa hiyo Uhuru ulipokuja mwaka 1963, palikuwa na watu wengi waliolima ardhi hiyo maisha yao yote bila kuwa na hata futi moja yake. Serikali ilianza mpango wa kugawa ekari milioni moja mwaka 1962, na familia kama 35,000 zikapewa makao katika mpango huo. Lakini mashamba makubwa mengi ya Nakuru hayakuwamo. Yaliuzwa kwa desturi ya muuzaji apendaye na mnunuzi apendaye. Naye mnunuzi alikuwa nani? Kibarua mmoja hakuweza kununua shamba la ekari elfu mbili. Basi watu wakaungana.

Hapo ndipo zikazaliwa kampuni na vyama vya kununua mashamba. Huko Njoro, mahali panapoitwa Ndeffo, jina lenyewe ni kumbukumbu ya chama cha waliopigania uhuru katika wilaya ya Nakuru. Katika miaka ya 1970 ikasikika sana kampuni ya Ngwataniro, iliyoongozwa na Dickson Kihika Kimani, ambaye baadaye alichaguliwa kwenda Bungeni. Katika Kikuyu, jina hilo lina maana ya kushirikiana, kushikana pamoja. Watu wa Nyandarua, Nyeri, Murang'a, Kiambu na hapo hapo Bonde la Ufa walitoa fedha zao. Kina mama waliuza mboga na kuku. Mwanachama alipewa risiti, kisha cheti cha hisa, kisha akangoja siku ya kuokota kura ili ajue kipande chake kiko wapi.

Mjini nako palikuwa na mabadiliko. Maduka mengi ya Nakuru na vituo vya reli yalikuwa ya wafanya biashara Wahindi, nayo mengi yalikuwa mali ya ndugu na binamu wakifanya kazi pamoja chini ya jina moja. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwazuia wasio raia wasifanye biashara katika sehemu nyingi. Wengi waliuza na kuondoka. Waafrika walionunua maduka yale, mara nyingi walinunua wawili wawili, au watatu watatu, kwa mkopo na akiba.

Mwaona basi? Ushirika haukuwa mchezo. Ulikuwa njia ya maskini kuingia mlango ambao ulifungwa kwa miaka sitini. Ndiyo maana tusiwadharau wazee wetu kwa kutoandika. Wengine hawakujua kuandika. Mkono waliopeana ulikuwa mkataba wao.

Lakini sasa, wapenzi wasikilizaji, hebu tuone taabu inaingilia wapi. Inaingilia mahali pane.

Mahali pa kwanza ni jina. Mzee alinunua hisa kwa jina la utotoni. Baadaye akabatizwa, akapewa jina jingine. Alipochukua kitambulisho, karani akaliandika kwa herufi tofauti. Leo cheti cha hisa kina jina moja, kitambulisho kina la pili, na cheti cha kifo kina la tatu. Mjukuu akienda ofisi ya ardhi ataulizwa, “Hawa ni watu wangapi?” Atakayejibu ni mtu ajuaye historia ya jamaa, tena kwa kiapo mbele ya wakili.

Mahali pa pili ni safari ya kutoka cheti cha hisa hadi hati ya shamba. Katika miaka ya 1980 Rais Daniel arap Moi aliagiza kampuni za kununua ardhi zigawe mashamba, kila mwanachama apate hati yake, na kampuni zifungwe. Wengi walipata. Wengine hawakupata, kwa sababu mwanachama alikuwa amekufa na watoto hawakujua kwamba alikuwa na hisa. Wengine walikuwa wameuza kwa maneno tu. Tena shamba la kilimo haliuzwi hivi hivi. Sheria ya mwaka 1967 inataka kibali cha bodi ya ardhi, nacho kiombwe katika miezi sita baada ya mapatano. Jamaa nyingi zina karatasi ya mauziano iliyotiwa vidole gumba, lakini kibali hakikutafutwa kamwe.

Mahali pa tatu ni namna ya kumiliki pamoja. Hapa nawaomba msikilize kwa makini, maana wengi hawajui. Watu wawili wakiandikwa kwenye hati moja, kuna njia mbili. Njia ya kwanza ni kumiliki kwa umoja: mmoja akifa, yule aliyebaki huchukua yote, na watoto wa marehemu hawapati kitu katika mali ile. Njia ya pili ni kumiliki kwa mafungu: kila mmoja ana sehemu yake, labda nusu kwa nusu, na akifa sehemu yake huwaendea warithi wake. Tangu Sheria ya Kuandikisha Ardhi ya mwaka 2012, njia ile ya kwanza imewekwa kwa ajili ya mume na mke. Watu wengine hawawezi kuianzisha upya bila ruhusa ya korti, na wakijaribu, sheria huwahesabu kuwa wamemiliki kwa mafungu. Lakini hati za zamani ziko nyingi. Je, umesoma ya kwenu? Inasema nini?

Na kama ni biashara ya ushirika, jueni kwamba mshirika akifa, mtoto wake haketi moja kwa moja katika kiti chake. Kwa kawaida anachorithi ni thamani ya fungu la baba yake, isipokuwa mapatano yalisema vingine. Kampuni iliyoandikishwa ni tofauti. Kampuni haifi mwenye hisa akifa. Hisa zake huwaendea warithi, nayo kampuni huendelea.

Mahali pa nne ni pale tunapoona aibu kupataja: mama wajane na mabinti. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, haikutenga binti na mwana. Mtoto ni mtoto, ameolewa au hajaolewa. Kama marehemu alikuwa na wake wawili, mali hugawanywa kwa nyumba kulingana na hesabu ya watoto, na kila mama mjane huongezwa katika hesabu ya nyumba yake. Wala hakuna aliye na ruhusa ya kuuza, kukodisha au kugawa mali ya marehemu kabla ya korti kumteua msimamizi wa mirathi. Anayeingilia mali hiyo anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 10,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja. Kaka mkubwa anayesema, “Mimi ndiye mkubwa, nitauza kwanza tutaelewana baadaye,” ajue kwamba ukubwa peke yake haumpi ruhusa.

Sasa huenda mtu akasema, “Mhubiri, hayo ni mambo ya mawakili. Yanahusu nini na kipindi hiki?” Yanahusu sana. Fungueni kitabu cha Yeremia, sura ya 32. Nabii yuko kizuizini na mji umezingirwa na adui. Katika saa ile mbaya ananunua shamba la binamu yake Hanameli kwa shekeli kumi na saba za fedha. Tazameni jinsi alivyofanya. Alipima fedha mbele ya mashahidi. Aliandika hati, moja ikatiwa muhuri na nakala yake ikaachwa wazi. Akampa Baruku aziweke katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Mtu wa imani hakuona haya kuweka hati. Aliamini kwamba siku moja watu watanunua tena mashamba katika nchi ile, naye alitaka wajukuu wajue haki ni ya nani.

Kumbukeni pia binti watano wa Selofehadi. Baba yao alikufa bila mwana wa kiume, nao wakasimama mbele ya Musa na mbele ya mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe. Walipewa haki yao. Wakati ule ule wa zamani, wanawake walisema habari ya baba yao hadharani, na habari hiyo ikawa ndiyo msingi wa urithi wao.

Na Ibrahimu na Lutu je? Ugomvi haukuanza na wenyewe. Ulianza na wachungaji wao. Ndivyo ilivyo kwetu. Wale wazee wawili wa ploti hawakugombana hata siku moja. Waliogombana ni watoto, na wakwe, na wapangaji, na dalali aliyepita njiani akanong'oneza bei. Lakini Ibrahimu hakungoja damu imwagike. Alimwita Lutu wakazungumza wenyewe wangali hai, akampa nafasi ya kuchagua kwanza.

Jambo hili ni zito zaidi katika Bonde la Ufa letu. Tunajua yaliyotokea Molo na kwingine mwaka 1992, na tena 1997, na yaliyotokea Nakuru na Naivasha mnamo Januari 2008. Watu walikimbia usiku na watoto mgongoni. Nyumba zikachomwa, na ndani yake hati, risiti na picha za harusi. Washirika wa makabila mawili waliokula sahani moja wakajikuta wako pande mbili za barabara. Lakini mahali ambapo jamaa mbili zilijua habari zao, ambapo watoto waliambiwa, “Huyu ndiye aliyemlipia baba yenu nusu ya shamba alipokosa,” hapo palikuwa na mtu wa kuulinda mlango wa mwenzake, na baadaye palikuwa na shahidi wa kusema, “Hapa palikuwa pao.” Undugu ni kufaana, si kufanana.

Basi tufanye nini? Nawapa mambo matano ya kufanya, nanyi yaandikeni.

La kwanza, wazee wakiwa hai, kaeni jamaa zote mbili pamoja. Si jamaa moja katika chumba cha nyuma. Mama waweko, mabinti waweko. Mwombeni mzee asimulie: mlikutana wapi, mlinunua kwa nani, mwaka gani, kila mtu alitoa nini, nani alijenga ukuta upi, nani alilipa deni. Mmoja aandike. Kisha isomwe kwa sauti, na kila mmoja atie sahihi au kidole.

La pili, andikeni majina yote ya kila mtu: la utotoni, la ubatizo, la kitambulisho, na jina la utani alilojulikana nalo sokoni. Andikeni wake na watoto wote, hata yule ambaye hamkupenda kumtaja. Asiyetajwa leo atatokea kesho na wakili.

La tatu, nendeni ofisi ya ardhi mkatafute habari za ile ploti katika daftari la serikali. Mtaona iko kwa jina la nani, na kama ina deni au zuio. Msitegemee karatasi ya sandukuni peke yake.

La nne, mkiona jina moja tu limeandikwa na hali mali ni ya wawili, rekebisheni sasa, wenyewe wakiwepo. Kama mmoja amekwisha kufa, msikate tamaa. Sheria inatambua amana, hata kama haikuandikwa kwenye hati. Lakini lazima ithibitishwe. Risiti za kodi ya ardhi, barua, mashahidi waliokuwako, yote hayo ni ushahidi. Jirani mwenye umri wa miaka themanini ni kama hati inayotembea. Mwandikeni kabla hajaondoka.

La tano, mzee akifa, msiguse kitu kabla ya kwenda kortini. Chukueni cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi wote. Ombi litatangazwa katika Gazeti la Serikali, ili mwenye neno aseme. Hapo ndipo mshirika aliyebaki hupeleka madai yake kwa amani, bila kelele za mlangoni.

Nakuru wa leo si ule wa wazee wetu. Tarehe 1 Desemba 2021 ulipandishwa kuwa jiji. Mashamba ya mahindi ya zamani yamekuwa mitaa. Kipande kilichookotwa kwa kura kwa bei ya mbuzi wachache, leo mtu ataleta gari kubwa kukitafuta. Kadiri ardhi inavyopanda bei, ndivyo kumbukumbu isiyoandikwa inavyozidi kuwa hatari. Zamani watu wawili wangesahau nusu ya ploti wakaendelea kunywa chai. Leo hawatasahau.

Namrudia yule mzee wetu wa mfano, ambaye daftari lake lililiwa na panya. Alifanya nini? Angeweza kwenda kwa wakili siku ile ile. Lakini kwanza alimwendea mjane wa rafiki yake. Akamwambia, “Mama, wewe ulikuwako. Ulitupikia chai siku tuliyoandika.” Mama akanyamaza kidogo. Kisha akawaita wanawe, akawaambia mbele ya mzee, “Kaeni chini. Kuna habari ambayo baba yenu hakuwaambia, nami nilidhani mnaijua.” Akaisimulia tangu mwanzo, jina kwa jina. Wale vijana hawakuwa na la kusema. Mmoja wao akaleta kalamu. Mwezi uliofuata waliomba usimamizi wa mirathi, wakiandika wazi kwamba nusu ya ploti si ya baba yao.

Ile ploti iliokolewa na mama mmoja aliyekumbuka, akasema kweli, ingawa ilimgharimu nusu ya kodi kila mwezi. Je, angekuwa amekufa kabla ya mumewe, ingekuwaje?

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, jioni ya leo, kabla ya kulala, mwulize baba, mama au nyanya: “Ile ploti, mlinunua na nani?” Ukiisha kujibiwa, chukua kalamu uandike, na kesho upeleke nakala kwa jamaa ya pili.

Mungu awape amani nyumbani mwenu na ukweli vinywani mwenu. Tukutane tena juma lijalo. Kwa herini.